Anayeshona Hakati

Saa moja kasoro asubuhi, kabla hajagusa sindano wala kikombe cha chai, Mama Kasuku anamgeuza wifi yake kitandani. Anapitisha mkono mmoja chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, anavuta pumzi na kusema, "Haya wifi, twende, na leo usinionee." Mwili unageuka kuelekea ukutani. Anakagua mgongo kwa macho na kwa viganja, anapaka mafuta panapotaka kuchubuka, anaweka mto katikati ya magoti, kisha anasimama kidogo kukipa kiuno chake nafasi ya kulalamika.

Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza. Anavuta kigoda hadi mlangoni penye mwanga, anatandaza kitambaa cheusi mapajani, na kufungua kopo la zamani la biskuti ambalo kutu imeshakula picha zake zote. Anaingiza vidole viwili bila kutazama. Anatoa ndege mwekundu wa kitambaa, mdomo wazi, mkia juu, mdogo kuliko kiganja, na kumlaza juu ya kile cheusi ili aone atakaa wapi.

"Sichungulii humo ndani," anasema. "Nikichungulia nitajua wamebaki wangapi. Nikijua, mkono utakufa ganzi, na sasa hivi nyumba hii ina mkono mmoja tu unaofanya kazi. Wangu."

Mama Kasuku ana miaka hamsini na saba. Jina hilo alipewa na wateja, nusu kwa sababu ya rangi za kazi yake, nusu kwa sababu hanyamazi. Anashona mapambo ya ukutani na foronya za mito: ndege, samaki, majani na miezi ya rangi kali, iliyoshikizwa juu ya kitambaa cheusi kwa mishono midogo ambayo jicho la haraka haliioni. Vitambaa hivyo ni makombo ya mafundi cherehani, vile vipande ambavyo wengine huwashia moto. Yeye mwenyewe hana cherehani. Ana sindano, uzi na kigoda.

Mkasi upo pia, lakini si wake. Ni wa yule aliyelala pale kitandani, dada wa marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Wembe kwa sababu ya ulimi wake. Wembe ndiye aliyekata kila ndege aliyemo kwenye kopo. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikamchukulia mkono, mguu na maneno yote. Ndege waliobaki humo ni wale aliowahi kuwakata kabla ya siku hiyo, na Mama Kasuku, ambaye ameishi kwa kazi hii zaidi ya miaka thelathini, hajui kukata.

Msomaji atauliza: inakuwaje? Hata mtoto wa shule anashika mkasi. Majirani nao waliuliza hivyo hivyo, wengine kwa kicheko.

Jibu linaanzia kwa mama mkwe wake, ambaye humu ndani wanamwita Bibi hadi leo ingawa amelala kaburini miaka mingi. Bibi alikuwa na kazi hii peke yake, akikata na kushona. Mwanawe wa kiume alipooa, bibi harusi aliingia nyumba yenye wifi mmoja tu, na huyo mmoja alitosha kujaza kumi.

"Tuligombania chumvi," anasimulia Mama Kasuku, mabega yakitikisika kwa kicheko. "Tuligombania kamba ya kuanikia. Tuligombania nani kamsalimia mwenzake vibaya. Mimi nilikuwa na domo, yeye alikuwa na wembe. Mume wangu alikuwa akitoka kazini anasimama kwanza nje ya mlango, anasikiliza, halafu anageuza kurudi alikotoka."

Bibi aliwatazama mwaka mzima bila neno. Siku moja akawaita wote wawili. Mkasi akampa bintiye, sindano akampa mkwewe, na akaweka sharti moja: anayekata hashoni, anayeshona hakati. Atakayemwonyesha mwenzake kazi yake, au kujaribu ya mwenzake, ahame.

"Akasema, 'Sasa gombaneni, tuone mtakula nini.'"

Ni sharti la ajabu, na mtu anaweza kulicheka, lakini lilifanya kazi yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mawifi waliendelea kununiana, lakini ikawa wananuniana wakiwa wamekaa bega kwa bega, kwa sababu ndege asiyekatwa hashoneki na ndege asiyeshonwa hauziki. Walipokuwa hawasemezani, Wembe alikuwa akiweka alichokata kwenye beseni na kulisukuma kwa mguu hadi upande wa pili wa chumba. Mama Kasuku alilisukuma kurudi likiwa na kazi iliyokamilika.

Hata ugomvi ulipata njia ya kusemwa. Wembe akikasirika alikata ndege wenye midomo wazi, wanaopiga kelele. Mama Kasuku akijibu aliwashona wakiwa wamepeana mgongo. "Na wateja walipenda hao kuliko wote! Wanasema, 'Mama, hawa ndege wana maisha.' Nawaambia, maisha? Hayo ni matusi, mwanangu. Kopo lote hili ni matusi ya wifi yangu."

Ni kweli. Akiba iliyomo koponi ni ya siku za hasira, pale Wembe alipokuwa akikata kupita mahitaji ili tu asimtazame mwenzake usoni. Siku walizopatana hakukata ziada. Mama Kasuku akifikia hapo katika maelezo yake huacha kucheka, huinamia kitambaa na kuanza kukunja ukingo wa bawa kwa ncha ya sindano. "Ningejua," anasema, "ningemkasirisha zaidi."

Bibi alipofariki hakuna aliyelivunja sharti. Mume naye alipofariki, ndugu walikuja kumshauri mjane arudi kwao. Mjane aliwauliza kwao atamshonea nani, maana mkataji yuko hapa. Wembe alikuwa amekaa kimya pembeni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Wageni walipoondoka akamwambia wifi yake kwamba ameinunua chai ya wageni kwa pesa yake na anataka nusu. Wote wawili walilia usiku ule, kila mmoja upande wake wa chumba.

Walipanga chumba kimoja na baraza ndogo ya nyuma. Mwezi mzuri walitoa vitambaa sita vikubwa na foronya kadhaa. Vitambaa viwili vililipa kodi, vilivyobaki vilikuwa chakula, dawa ya presha ya Wembe, na mahitaji ya binti wa Mama Kasuku aliyekuwa akikua. Mwenye duka la zawadi mjini alichukua karibu kila kitu. Haikuwa utajiri. Ila hawakumwomba mtu.

Binti huyo, ambaye sasa ni msusi wa nywele na ana nyumba yake, aliwahi kutaka kujifunza kazi zote mbili. Alikuwa na miaka kumi na minne. Mama yake alimkatalia, shangazi yake akamkatalia, kila mmoja kwa heshima ya Bibi. "Niliwaambia, 'Sasa mmoja wenu akiugua?'" anakumbuka. "Shangazi akaniambia nimwombee mabaya mtu mwingine, siyo yeye. Basi nikaenda kujifunza kusuka. Nywele hazina masharti."

Kiharusi kilikuja asubuhi ya kawaida kabisa. Mama Kasuku alikuwa barazani akianika, Wembe ndani akikata. Mkasi ukasikika ukianguka. Mama Kasuku akapaza sauti, "Wifi, utapasua sakafu ya watu!" akingoja ajibiwe, maana kuachia maneno kama hayo bila jibu haikuwa tabia ya mwenzake. Jibu halikuja. Alimkuta ameegemea kitanda, nusu ya uso imeshuka, kitambaa bado kiko mkono wa kushoto, na katikati yake ndege aliyekatwa tumbo na mkia tu.

Hospitali ilimrudisha baada ya wiki mbili. Daktari alisema maneno mengi, lakini mawili ndiyo yaliyobaki: hatasema tena, na kiharusi cha pili kinaweza kuja wakati wowote.

Yule ndege wa nusu, Mama Kasuku alimmalizia mwenyewe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukata tangu aolewe. "Kichwa kikatoka cha mbuzi," anasema, na anacheka mpaka anafuta macho, na baada ya kufuta macho hayakauki. "Nikajiambia, Bibi nisamehe, nimevunja sharti, na hata kulivunja sijui."

Kilichofuata ndicho anachokijutia zaidi. Kila alipochukua mkasi mbele ya mgonjwa, Wembe alianza kuhangaika. Mkono wa kushoto ulipigapiga ubao wa kitanda, koo lilitoa sauti, machozi yakachuruzika. Mama Kasuku akaelewa anavyoelewa mtu yeyote mwenye huruma: mwenzake anaumia kuona mkasi wake mkononi mwa mtu mwingine. Nani anapenda kuangalia kiatu chake kinavaliwa naye bado yu hai? Basi akaacha kukata mbele yake. Akawa anaenda barazani, nyuma ya nguo zilizoanikwa, anakata huko kwa kujificha.

Alifanya kwa akili. Alichukua ndege wa Wembe, akawalaza juu ya karatasi ngumu, akachora, akatumia karatasi hizo kama vielelezo. Umbo lilikuwa lile lile. Alishona foronya kumi na mbili, mwenye duka akazipokea kwa furaha, akaziuza zote kwa nyumba moja ya wageni.

Mwezi ulipoisha zilirudi zote kumi na mbili. Mwenye duka alizimwaga juu ya meza mbele ya wateja wengine. Zilikuwa zimefuliwa mara moja tu. Kingo zilikuwa zimefumuka, nyuzi zinaning'inia, midomo imeyeyuka, mabawa yamekunjamana.

"Mama," akamwambia, wala hakusema kwa ukali, "ndege wako wananyonyoka. Siwezi kurudia aibu hii. Niletee kazi ya zamani au usilete kabisa."

Alirudi nyumbani kwa miguu na mzigo wake kichwani. Anasema njia nzima alikuwa akitafuta wa kumlaumu, na alipofika mlangoni alimpata. Akang'oa ndege mmoja kwenye foronya, akamtupia mgonjwa kifuani. "Haya, wifi! Umefurahi? Si ulikuwa hutaki nikate? Kazi imekufa! Lala sasa!"

"Nilimpigia kelele mtu asiyeweza kunijibu," anasema. "Huyo ambaye angekuwa mzima angenichana vipande. Niliona haya kabla sijamaliza sentensi."

Wembe alimwokota yule ndege kwa mkono wa kushoto. Akampeleka mdomoni. Akauma ncha moja ya kitambaa kwa meno na kuvuta ncha ya pili, kufuata uzi ulivyonyooka. Kitambaa kikakaa kigumu, ukingo ukamwaga nyuzi. Akakiachia, akakizungusha kidogo kwa vidole vinavyotetemeka, akauma tena na kuvuta kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Mara hii kilinyumbuka kikafuata mkono, na ukingo haukumwaga uzi hata mmoja. Alirudia hivyo, uzi ulionyooka, kisha mshazari, akimkazia macho wifi yake, mate yakimtoka upande wa mdomo uliokufa, mpaka Mama Kasuku akakaa chini sakafuni.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yote. Ndege wa Wembe hawakukatwa kufuata nyuzi za kitambaa. Walikatwa kwa mshazari, kila mmoja, ili ukingo ukubali kukunjwa kwenye shingo na mdomo bila kufumuka. Karatasi ngumu inaonyesha umbo. Haionyeshi kitambaa kimelala upande gani. Na Wembe alipokuwa akipiga ubao wa kitanda hakuwa akililia mkasi wake. Alikuwa akimwambia mwenzake anakosea, na mwenzake, kwa huruma, akaenda kukosea mahali asipoonekana.

"Miaka yote hiyo watu wakisifu mishono yangu," anasema Mama Kasuku. "Wanasema, 'Mama, una mikono laini, tazama shingo hii ilivyozunguka.' Na mimi navimba kichwa. Kumbe shingo ilikuwa inazunguka yenyewe kwa alivyokata yeye. Nilikuwa nakula kilichotafunwa, nikijisifu nina meno."

Tangu siku hiyo anakata mbele ya kitanda, na mgonjwa ndiye mkaguzi. Utaratibu ni huu. Mama Kasuku anakata ndege, anamweka kwenye kiganja cha kushoto cha Wembe, anangoja. Wembe anampapasa kwa kidole gumba, kuanzia mdomo, anapita mgongoni, anafika mkiani. Kisha anamwachia aanguke sakafuni.

Kila ndege ameanguka mpaka leo. Wekundu, wa manjano, wa buluu, wamelala chini ya kitanda na kuzunguka miguu yake, wengine wamekanyagwa. Ukiingia chumba hiki asubuhi lazima utazame unapoweka mguu. Mama Kasuku hajiruhusu kuwashona walioanguka, hata wale ambao jicho la mgeni halioni kasoro yao. "Mkataji amekataa," anasema. "Mshonaji ni nani?"

Majani anaruhusiwa. Jani la kwanza halikuangushwa, la pili pia, na sasa majani anayakata bila kuuliza. Kwa hiyo kitambaa cha siku hizi kina majani mengi aliyoyakata mwenyewe, na katikati ndege mmoja wa kutoka koponi. Mwenye duka amekubali kuvijaribu hivyo. Ni kimoja kwa mwezi, wakati mwingine hakuna. Pengo lililobaki analiziba kwa kufua nguo za watu, nyumba mbili kila wiki, na sabuni imemchubua ncha za vidole mpaka sindano inamteleza. Akipumzisha vidole hakuna pesa ya dawa. Akifua navyo, vinashindwa kushona vizuri.

Na kuna lile neno la daktari, kwamba cha pili kinaweza kuja wakati wowote. Akiondoka Wembe, hakuna mwingine duniani anayeweza kupapasa ndege na kujua. Ndiyo maana hawezi kungoja vidole vipone. Anashindana na kitu ambacho hakijasema kitafika lini.

Wiki kadhaa baada ya asubuhi ile ya kwanza, Jumatatu, siku ambayo saluni hufungwa, binti alikuja kufagia na kumwogesha shangazi yake. Alikuta kitambaa kikubwa cheusi kimetandazwa kwenye kitanda cha mama yake, majani yamekamilika pande zote, na katikati nafasi tupu yenye upana wa kiganja. Mwenye duka anakitaka Ijumaa. Kopo lilikuwa wazi pembeni, na binti, asiyekuwa na mwiko wa kuchungulia, akachungulia. Kulikuwa na ndege mmoja.

"Mama," akasema, "unajua?"

"Nimejua leo asubuhi," mama akamjibu. "Vidole viligonga bati."

Binti akafagia. Alipofika chini ya kitanda akawakusanya ndege walioanguka kwa kiganja na kukaa nao akiwatazama, na hapo akasema jambo ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa amelimeza kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto wa shangazi unazidi kudhoofu. Anaangusha kijiko. Anaangusha kikombe. Anaangusha hata mkono wa mtu ukimshika.

"Mama, nisikilize, usinikasirikie. Huenda hachagui. Huenda mkono wenyewe hauwezi kushika kitu. Wewe unakata tangu mvua zilizopita, unajilaumu kila siku, na shangazi huenda hana habari."

Mama Kasuku hakuinua uso. "Kijiko anakiangusha kwa sababu uji wangu mbaya," akasema. "Alikuwa akiuangusha hata akiwa mzima."

Binti alicheka, kwa sababu ni vigumu kutocheka. Lakini mama yake hakucheka naye. Sindano ilikuwa imesimama. Alilitazama lile kopo. Mtu akishaambiwa jambo kama hilo hawezi kujifanya hakulisikia. Kama mkono ule hauchagui, basi ndege wake wote waliokanyagwa walianguka bure, na hajui kama anaweza kukata au hawezi, wala hatajua kamwe. Na kulikuwa na njia moja tu ya kupata ukweli, na njia yenyewe ilikuwa ndege wa mwisho wa Wembe mwenyewe, mwekundu na manjano, chini kabisa koponi.

"Nilikuwa naogopa," anakiri. "Akimwangusha na huyo, nimebaki peke yangu. Wifi yangu amekwenda zamani, na mimi nilikuwa nazungumza na mto."

Alimtoa. Ni ndege wa ugomvi, mdomo wazi kabisa, shingo imenyooshwa mbele, kifua kimejaa. Mama Kasuku anakumbuka hata ulikuwa ugomvi gani: ndoo iliyovuja, na nani aliyeinunua. Alimsogelea mgonjwa, hakumwambia chochote, hakumwita wifi, hakufanya mzaha. Akamlaza ndege kwenye kiganja kile cha kushoto kama anavyowalaza wengine.

Kidole gumba kikaanza kwenye mdomo. Kikapita mgongoni polepole. Kikafika mkiani, kikasimama.

Vidole vikafunga.

Walingoja. Binti alikuwa ameshika ufagio, mama alikuwa ameshika ubao wa kitanda. Nje mtu alikuwa akibishana na muuza maji, na bishano lao likaisha, na bado vidole vilikuwa vimefunga. Wembe alikuwa amefumba macho. Chozi moja lilimtoka upande wa uso unaofanya kazi, likaingia sikioni.

"Shangazi amemtambua," binti akanong'ona. Kisha, kwa sababu ni mtu mkweli, akaongeza, "Au labda ni misuli tu, Mama. Wakati mwingine inakaza yenyewe."

"Labda," mama akasema.

Alijaribu kumchukua, kwa upole, maana Ijumaa ni Ijumaa na nafasi ya katikati ilikuwa tupu. "Wifi, nipe, huyo ni wa mteja." Vidole havikulegea. Akajaribu kuinua kimoja kimoja, kile cha kwanza kikarudi pale pale. Kwa mkono ule usioweza kushika kijiko cha uji, Wembe alimng'ang'ania ndege wake. Mama Kasuku akaacha. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akacheka kicheko kibaya chenye machozi ndani yake, akampiga wifi yake begani kofi dogo.

"Tazama roho mbaya ya mwanamke huyu! Ana wake, anakataa wangu. Kumbe wewe upo humo ndani muda wote, unanihukumu!"

Kwa hiyo sasa anajua mambo mawili, na anayataja yote bila kulainisha. La kwanza, kwamba mwenzake bado yupo. La pili, kwamba ndege wote walioanguka walistahili kuanguka. Kopo ni tupu. Kitambaa cha Ijumaa hakina ndege, na kitambaa hicho ndicho dawa ya mwezi huu.

Binti anamuuliza atafanya nini. Anavuta kigoda, safari hii si mlangoni penye mwanga bali karibu na kitanda, ili Wembe aone mikono yake. Anachagua kipande chekundu kwenye gunia la makombo, anakivuta kufuata uzi, anakivuta kwa mshazari, anakizungusha mpaka kinanyumbuka. Anaingiza vidole kwenye pete za mkasi, ambazo zimetengenezwa na miaka ya vidole vya mtu mwingine na zinambana.

"Mpango wangu ni mmoja," anasema Mama Kasuku. "Nitakata mpaka amwachie yule, achukue wangu."

Anaanza kwenye mdomo. Binti anaweka ufagio pembeni na kusogeza taa karibu.